Mizani ya Kumi na Sita

Kila Alhamisi baada ya isha, video mpya:
sekunde arubaini, haina uso.
Mkono wa hina iliyopauka,
taa ya simu ikipapasa ukuta,
punda akikohoa nje ya picha,
kisha sauti, taratibu, kama inasomea mtoto:

*Mlango bila komeo, wenye macho hawaoni,*
*Tangu jana hata leo, punda wapita mbeleni,*
*Hesabu zidaka zao, kimoja hakimo ndani,*
*Nitafute kwa kituo, nimo mwenu nyumbani.*

Basi Lamu tukaacha kulala.

Shekuwe, fundi simu, aliikata picha vipande mia nane,
akavianika kwenye kioo kama dagaa,
akaona pembe ya kalenda ya kampuni ya gesi:
Mei.
Mei ya mwaka gani? Tuligombana hadi adhana.
Bwanaheri, mwalimu wa hesabu, alichora vichochoro vyote
nyuma ya mitihani ya kidato cha pili
(wanafunzi hawajarudishiwa mpaka leo),
kila penye wikio akatia duara jekundu.
Na Somoe, nesi wa zamu ya usiku,
ndiye aliyehesabu kwa pingili za vidole,
akanyamaza, akahesabu tena:
"Kituo kimepungua. Ukwapi mizani nane,
utao saba."

Mizani moja imeibwa!
Tia "la," ndiyo Langoni. Tia "pa," Pangani.
Tia "ga," twende Gadeni sasa hivi, vaa viatu.
Wiki tatu tulizunguka na silabi mfukoni
kama mtu mwenye ufunguo wa nyumba asiyoijua.
Bi Mwanamkuu wa Bajuri alitufungulia
akidhani tumeleta mtungi wa gesi.
Tulihesabu zidaka vyake, sitini na tatu,
naye akatueleza kila kimoja kiliwekwa nini:
hapa sahani ya harusi, hapa msahafu,
hapa meno ya dhahabu ya mume wa kwanza.
Tulitoka usiku tumeshiba mkate wa sinia,
tumesahau kuuliza kipi hakimo.

Mimi nauza dawa. Sijui ramani.
Nyuma ya kaunta yangu nimejifunza vifua tu:
kikavu, chenye maji, cha mvuta sigara anayekana.
Jumapili moja, duka tupu, nikatia visikizio masikioni,
nikairudisha, nikairudisha,
na pale, kabla ya "nyumbani,"
hapakuwa kimya.
Palikuwa na filimbi ndogo, nyembamba,
ile inayonigongea saa nane usiku
ndala ya kulia mguu wa kushoto.
Pumzi ilikwama, silabi ikamezwa.
Hakuna aliyeiba kitu.

Na filimbi ile naijua.
Nililala nayo chumba kimoja utoto wangu wote,
ikinisomea beti, ikikatika palepale,
penye kituo,
nami nikidhani ndivyo mashairi yanavyosomwa.

Sikumwambia Somoe.
Shekuwe alipiga: "Umesikia chochote?"
"Upepo," nikasema.
Bwanaheri ameanza maduara ya kijani.

Magharibi nilimpelekea shangazi Khaltum bomba lake la pumu.
Nilipanda ngazi nisizohitaji taa kuzipanda.
Hina imepauka. Kalenda ya gesi iko Mei bado,
hajapata wa kumpindulia.
Ukutani, safu ya tatu, kidaka kimoja kimezibwa saruji,
tangu mwaka aliozikwa mumewe;
nimepita mbele yake maisha yangu yote,
mimi na punda.

Alilitikisa bomba, akavuta mara mbili,
akaizuia pumzi huku ananitazama
kama anayemtazama mwanafunzi ubaoni.
Simu yake imelala kifudifudi mkekani.

"Mumefika wapi?"

Nikachutama kutafuta ndala zangu, ambazo nilikuwa nimezivaa.
"Bado tuko Pangani," nikasema,
naye akacheka,
akacheka mpaka ikabidi avute tena.