Tano Toa Moja

Jina langu, Kensa, kwa lugha ya mababu zangu wa Cornwall
maana yake wa kwanza.
Kamba yangu ni ya tatu.
Mashine inasema mimi ni wa pili.

Nianze upya.
Mnara wa Trevanna una kengele tano.
Kamba zinashuka kwenye chumba cha mawe,
baridi kama tumbo la chura,
na kila Jumatano usiku tunavuta namba, si wimbo:
moja mbili tatu nne tano,
kisha kila kengele husogea hatua moja, haizidi,
ikibadilishana na jirani.
Hakuna karatasi. Kuna orodha
na vichwa vitano vinavyoibeba.

Niliweka kompyuta juu ya sanduku la vitabu vya misa,
nikaanza kuifundisha kazi yetu.

Ikanigomea mapema: hesabu yake huanza sifuri.
Kengele ndogo ya Jenifer ikawa sifuri.
Jenifer akanuna. "Miaka kumi na tisa navuta,
leo mimi si kitu?"
Nikamwambia, sifuri hapa ni umbali kutoka mlangoni;
wewe hujaenda popote, ndiwe mlango.
Akanuna vilevile.

Kisha kubadilishana. Niliandika:
wa kwanza achukue cha wa pili,
wa pili achukue cha wa kwanza.
Ikatoka mbili mbili tatu nne tano.
Moja je?
Nimeimwaga kabla sijaikinga.

Hedley Trounson, fundi wa matrekta,
hakuvaa hata miwani:
"Huwezi kubadilisha magurudumu mawili
bila kulilaza moja nyasini kwanza."
Nikaweka kigezo kando. Nikakiita Nyasi.

Na hii ndiyo siri yote:
gawanya namba ya safu kwa mbili, tazama baki.
Baki sifuri, anzia jozi ya mlangoni.
Baki moja, mruke Jenifer, anzia anayefuata.

1 2 3 4 5
2 1 4 3 5
2 4 1 5 3
4 2 5 1 3
4 5 2 3 1
5 4 3 2 1

na kuendelea, hadi badiliko la kumi
kila mmoja yuko kwake, kana kwamba hakutoka.

Mwezi wa Februari bega la Hedley likagoma.
Daktari wa Launceston akamkataza kamba.
Tulibandika tangazo dukani;
kijana mmoja alikuja, akaiona ngazi, akakumbuka shughuli.

Usiku ule niliandika: ondoa wa mwisho.
Urefu wa orodha: nne.
Nikauliza, watano wanaweza kupangika mara ngapi?
Tano mara nne mara tatu mara mbili: mia na ishirini.
Na wanne?
Ishirini na nne.

Shuleni walitufundisha tano toa moja ni nne.
Hawakusema kuhusu zile tisini na sita
zinazoondoka naye kimya kimya,
hata zile ambazo hakuwa wa mwisho,
hata zile ambazo hatukuwahi kuzipiga.

Nikafuta nilichofuta.
Mahali pa tano nikaandika tupu.
Urefu: tano.

Jumatano tukapiga wanne, na pengo.
Pengo likatulia nyuma safu mbili,
likaanza kutembea:
likampita Morwenna, likanipita mimi
(nilisikia kamba yangu ikipumua),
likampita Petrok, likampita Jenifer,
likafika mbele kabisa,
mahali ambapo tano ingeongoza.

Tukalisubiri lipite.
Hedley alikuwa benchini, bega limefungwa, chai mkononi.
Akagonga kikombe kwa kijiko.

"Umechelewa," Jenifer akasema, macho yako kambani.

Kweli alichelewa.
Hata alipokuwa na bega.