Maagizo kwa Kyungu, Kabla Hajapanda Meli

Kwanza viatu.
Acha vile vyeupe vya Krismasi.
Mji huu hauna mbele wala nyuma, una juu na chini,
na katikati kuna tope linalomvua mtu kiatu
polepole, kama muuguzi.

Wewe ulizaliwa Lubumbashi, tambarare,
ambako mvua ikinyesha inasimama barabarani
haijui iende wapi.
Ya Bukavu inajua.
Inashuka kutoka upande wa Kabare baada ya chakula cha mchana,
na mbingu haitakuambia kitu.
Tazama akina mama wa soko la Kadutu:
wakianza kufunika unga kwa plastiki,
usiulize. Kimbia.

Dola zako zipige pasi. Sikutanii.
Noti yenye mkato mdogo, mdogo kama ukucha wa mtoto,
itarudishwa duka hadi duka
mpaka uone haya kana kwamba uliichana wewe.
Lakini franka, hata iwe imeoza,
imeungwa kwa gundi, inanuka samaki,
itapokewa kwa mikono miwili.
Sijawahi kuelewa. Nawe una siku sita tu, usijaribu.

Bandarini watakuja vijana kumi kwa begi moja.
Ulizia Mushagalusa, mfupi, kofia ya manjano.
Ukimkosa, chagua asiyepiga kelele.

Pikipiki: patana kabla hujakaa.
Akitaja bei, cheka,
cheka vizuri, bila dharau,
halafu muulize watoto wameamkaje.
Atashusha mwenyewe.
Kwenye mteremko atazima injini ili kuokoa mafuta.
Hapo ndipo wageni humkumbuka Mungu.
Omba kimya kimya, na usimbane kiunoni,
hawa watu wanatekenyeka.

Ukifika karibu na daraja la Ruzizi, simu mfukoni.
Mto ni mzuri, ndiyo,
ila askari naye anajiona mzuri,
atataka kujua ulikuwa unampiga picha nani.

Umeme ukiwapo, chaji kila kitu.
Usiku mmoja utasikia mtaa mzima unashangilia.
Si mpira. Ni taa zimerudi.

Sambaza huliwa na vichwa vyake. Vyote.
Baba hatasema neno,
lakini atahesabu vilivyobaki sahanini.

Maua usilete. Leta sukari, kilo tano, na sabuni ya mche.
Mama umwambie «Asinge».
Utalikosea. Likosee kwa sauti,
ukinong'ona atadhani una la kuficha.

Sasa ngazi.
Nyumba yetu iko juu, nilikuambia,
ila sikukuambia yote.
Zilikuwa ngazi mia moja na kumi na nne,
kaka yangu Cishugi alizichonga kwa jembe likizo nzima,
akiapa mchumba wangu yeyote atazipanda akihema.
Zimebaki mia na tano.
Tisa ziliondoka usiku mmoja wa Aprili,
pamoja na jiko, pamoja na mbuzi,
na yeye aliyetoka kwenda kumfungua mbuzi.

Mama atakusubiri mlangoni akikuhesabia kwa sauti.
Ni desturi yake, kwa kila mgeni.
Ya mia na tano utaikanyaga,
kisha utaona ubao tuliolaza juu ya pengo.
Ubao ni imara, usiogope ubao.
Yeye ataendelea:
mia na sita, mia na saba…

Usimsahihishe.
Usinitazame mimi.
Simama hapo na sukari yako
mpaka afike mia na kumi na nne.

Ndipo uvuke. Ndipo uvue viatu.

Na sweta, Kyungu. Leta sweta.
Nilitaka kuanza na sweta.