Chuma Kinachonusa

Visu vitatu juu ya tambara, karakana ya Gungu, Kigoma,
saa nne asubuhi, na mche wa chuma cha pua
umeumwa na taya tatu za kerezo, unangoja.
Mama Siwema wa Simbo anataka bushi sita
za mtambo wake wa mawese. Za mwanzo zilikuwa chuma cheusi;
kutu ikashuka ndani ya mafuta, wateja wakakunja nyuso.
Amelipa nusu. Mche ni huu mmoja,
umekuja na treni, na bei yake
nimeiandika ukutani kwa chaki ili mkono wangu uione.

Mpita njia atasema: si kukata tu? Kata.
Hajui kwamba kukereza ni kubembeleza ubavu,
na kutenga ni kuingia ndani ya mtu
kwa kichochoro kisicho na pa kugeukia.

Kisu cha kwanza, milimita mbili.
Kinakula kidogo kama mgeni mwenye haya,
mche unabaki mrefu, Mama Siwema anabaki na hela.
Lakini kikizama kinapinda,
na bushi inatoka na uso wa bakuli.

Cha pili kina jino la kabaidi, rangi ya dhahabu,
milimita nne, jipya, bado limo kiboksini.
Linapenda kasi, linapenda mashine changa.
Hii yangu ilizeekea bandarini kabla sijainunua;
beringi zinacheza, na jino hilo likitetemeshwa
halipindi, halilalamiki. Linapasuka,
na elfu kumi na nane zinalala kwenye trei
kama chenga ya mchele.

Cha tatu: kipande cheusi cha kobalti, milimita tatu.
Alikichonga Fundi Ntabaye, akakificha ndani ya soksi
miaka kumi na moja, asinionyeshe.
Mchoyo yule. Aliniachia siku anahamia Kasulu
kulima maharage; sasa ukimtajia chuma anaguna.
Neno moja tu alinifundisha, tena kwa kufoka:
"Yasinta, chuma cha pua kina pua kweli!
Kinanusa woga. Ukikigusagusa kinakaza ngozi.
Ukisita, umekifundisha ugumu."

Nikachukua cha kobalti.
Ncha sawasawa na senta, si juu kwa unywele, si chini;
shingo fupi, isichungulie zaidi ya kazi yake;
mzunguko wa polepole, na mafuta yakidondoka
kutoka kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.
Nikalisha. Ukatoka uzi mzito, wa fedha, ukijikunja,
na sauti kama ya kanga mpya inayochanwa katikati.
Bushi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ikaanguka kwenye trei ikilia.

Ya nne, nimefika nusu,
umeme ukakata kabla yangu.

Mche ukaendelea kuzunguka kwa mazoea,
ukipungua, ukisugua. Nikarudisha kisu nyuma,
nimechelewa. Nikamulika mfereji kwa tochi ya simu:
chini kunang'aa, naliona jicho langu mwenyewe.
Kilishanusa.

"Sasa tutie lile la dhahabu?" akauliza Bitaho,
kijana wangu, mwezi wa nne huu kazini.
Sikumjibu. Nilikaa mlangoni na jiwe la mkono,
nikanoa kobalti kwa mate na mafuta
mpaka ikanyoa vinyweleo vya mkono wangu.

Taa iliporudi sikubisha hodi.
Niliingia chini ya ile ngozi kwa mkupuo,
kama mtu anayetoa neno alilolikalia mwaka mzima.
Kelele. Moshi. Bitaho akarudi hatua mbili.
Halafu uzi.

Jioni Mama Siwema alipitisha kidole kwenye bushi ya nne,
kwenye mstari mwembamba usoni pake.
"Na hiki nini?"
"Umeme," nikamwambia.
Akacheka, akahesabu nusu iliyobaki, akapunguza mia tano.

Bitaho ameuliza kile kisu kinakaa wapi.
Nimemwambia afagie vyuma vilivyo chini.
Soksi imetoboka penye kidole gumba.
Nitaishona.