Kumbukumbu za Kikao cha Hori

Walifika kumi na wanane. Niliwahesabu mara mbili
kwa sababu ya chai.
Bandari ilituma mtu wa tai na saa nzito.
Hoteli zilituma mwanasheria.
Maji taka yalituma injinia, Wekulo,
akachagua kiti cha karibu na mlango.
Watu wa misitu na kofia zao za kijani,
wavuvi wa Mikindani na leseni ndani ya nailoni,
na kina mama wa miche, tope bado vifundoni;
viti viliwaishia, wakaketi juu ya magunia.
Nikaandika: Waliohudhuria.
Nikaandika: Waliotoa udhuru.
Bahari sikujua niiweke wapi.

Ramani ikatandazwa juu ya meza mbili zisizolingana urefu.
Kila idara ikapewa kalamu ya rangi yake,
kila mmoja akachora pake.
Bandari nyekundu, hadi kwenye kina.
Hoteli manjano, ukuta mpaka mchangani,
na kile kijia cha umma, cha watoto na ndoo zao,
kikalala chini ya kidole gumba cha mwanasheria
huku akieleza jambo jingine kabisa.
Misitu kijani. Kaunti buluu.
Kufikia saa tano hori yote ya Tudor ilikuwa imeshagawanywa,
hapakubaki hata pa samaki kugeukia.

"Karani, andika: kila idara ibaki na mpaka wake."
Nikaandika.

Ndipo Mwanatumu Shee akainuka kutoka guniani.
Alikuwa na kikohozi. Hakuomba kalamu.
Alisema kwa mizani, kama wasemavyo kwao wakikasirika:

*Mmeichora mistari, maji hayana mipaka,*
*Yakipwa hwenda safari, yakijaa yamefika,*
*Uchafu wa matajiri, na wetu wachanganyika,*
*Kaa hajui amri, atapita akitaka.*

*Nilipanda miche mia, kwa vidole matopeni,*
*Na nusu imejifia, mifuko iko shingoni,*
*Mtaro watushukia, harufu hadi puani,*
*Mtaro huo, nambia, u katika rangi gani?*

Mtu wa bandari akatazama saa.
Wekulo akatazama mlango.
Mwanasheria, sijui kwa nini, akaondoa kidole.
Wote wakaiinamia ramani kuutafuta mtaro
kama watu waliodondosha sindano.

Mimi sikuinama.
Mtaro ule naujua. Una midomo mingi,
na mdomo wake mmoja ni bomba la inchi nne
nililolifunga kwa mkono wangu, Desemba, usiku wa manane,
nyuma ya nyumba yetu ya Moroto,
mama akinimulikia kwa simu, akininong'oneza:
"Haraka, majirani wasituone."
Majirani nao walikuwa nje,
wakifunga la kwao.

Hoja ya nne: iliahirishwa.
Chai ikanywewa. Mandazi yalipungua mawili.
Mwanatumu alibeba lake kwenye leso, akaondoka kabla ya dua,
maji yalikuwa yanapwa na ana miche ya kupandikiza.

Usiku huu nazisafisha kumbukumbu.
Mkubwa anataka kurasa mbili, lugha ya ofisi,
pasiwe na shairi.
Shairi nimelitia kwenye kiambatisho.
Kwenye orodha ya waliohudhuria nimeongeza wa kumi na tisa:
*Bahari. Ilifika, ikatoka, ikarudi.*
*Haikupewa nafasi ya kusema.*
Najua atalikata.

Chini ya *Mengineyo* naandika:
bomba moja, inchi nne, nyuma ya nyumba ya karani.
Nalifuta.
Nje bamvua linajaa. Kutoka kitandani kwa mama
hadi kwenye maji ni hatua ishirini,
zamani zilikuwa arubaini.
Nayasikia yakipanda ndani ya bomba,
yakikoroma, yakirudisha kilicho chetu.
Naandika upya: bomba moja, inchi nne.
Naweka na jina.