Chupa ya Kumi na Nne

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mvua ya Wales
isiyonyesha hasa wala isiyokoma,
nashuka na buti za marehemu baba
(zinanipwaya, nimejaza soksi)
kuupima Mto Garwen.

Vifaa vyangu vyaenea katika kikapu cha mayai:
chupa kumi na nne zenye namba za wino,
daftari, na bomba la kioo lenye msalaba mweusi kitakoni.
Ukimimina maji, ukainama, msalaba ukapotea,
andika: udongo umehama shamba.

Kwanza nageuza jiwe.
Chini yake yumo ajishoneaye kanzu kwa chembe za mchanga,
fundi asiye na sindano;
nikimkuta naandika kumi.
Yumo mwenye mikia mitatu, atakayeruka siku moja tu
mwezi Mei, bila kinywa cha kulia:
kumi.
Nikikuta minyoo myekundu peke yao
naandika moja, na jiwe nalirudisha taratibu
kama mtu afungaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kisha unga. Pakiti moja kwa kila chupa,
tikisa, subiri dakika tano.
Maji yakibaki meupe, mto unapumua.
Yakigeuka buluu ni mbolea, ni kinyesi,
ni chakula cha mwani utakaoulalia mto
kama blanketi juu ya uso wa mtoto.
Na jamani, buluu ile inavyopendeza!
Ukimwonyesha asiyejua atasema: anga.

Kila mtu bondeni anajua buluu inatoka wapi.
Kwa Emrys. Kaka yangu wa tumbo moja,
kuku elfu arobaini, mabanda matatu yasiyo na dirisha.
Mwaka mzima sijala kwake Jumapili.

Katika mkutano, ukumbi wa kanisa, heater imeharibika,
Gwenllian wa halmashauri alitandaza ramani ya bonde zima.
Si mto tu. Vijito vyote, kama mishipa ya jani.
Kila paa, alisema, kila zizi, kila choo ni chanzo cha mto;
tupime kote, ndipo tuseme nani apunguze nini.
Emrys aliangalia kofia yake.
Mimi nilimwangalia Emrys.

Leo chupa ya sita, chini ya mabanda yake: buluu,
ndiyo, lakini si kama ya Machi.
Na ukingoni kuna miche, mia mbili hivi,
kila mmoja na soksi yake ya plastiki.
Hakuniambia.

Chupa ya kumi na nne nilitaka kuiruka.
Ni mfereji tu, upitao nyuma ya jiko langu,
chini ya shimo la maji taka alilolichimba baba
mwaka niliozaliwa, na hakuna aliyelifunua tangu hapo.
Nilichota ili safu ya daftari isibaki na pengo.

Tikisa.
Dakika ya pili, rangi ya sare ya shule.
Dakika ya nne, wino.

Nilikaa juu ya ukuta wa mawe.
Hakuna aliyeniona ila kondoo.
Maji ya chupa moja humwagika kirahisi mno,
nyasi huyameza, haziulizi.
Nililiwaza hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikaandika: Namba 14. Moja nukta tisa.
Mahali: kwa Eluned Prydderch.
Chanzo: mimi.

Alhamisi Gwenllian atalipaka bonde rangi upya,
kijani, manjano, nyekundu,
na nyumba yangu itaiva kuliko mabanda ya kaka.

Lakini kesho ni Jumapili.
Nitampigia simu. Nitamuuliza miche ile aliinunua wapi,
na kama ile mashine ya kuchimba bado anayo,
na wamepika nini.