Mistari Mitatu

Fomu ya Mwenyekiti Mugoya ina mistari mitatu:
jina, kabila, kazi.
Muhuri umekwisha kulowa wino.
Nyuma yangu foleni, na mtoto wa mtu anakohoa.

Haya, andika: Nyafwono Skolastika.
Skolastika nilipewa na padri,
Nyafwono nilipewa na bibi, na bibi ndiye aliyetangulia.

Kabila andika Mpadhola,
wa Tororo, upande ule unaouona mwamba ukiamka.
Lakini kitovu changu kimezikwa hapa hapa Walukuba,
baba alipokuwa akifunga nyuzi zilizokatika kiwandani.
Kiswahili hiki unachonishangalia
wapo wanaosema ni lugha ya bunduki.
Mimi nilifundishwa na wanawake wa foleni ya bomba:
neno la kwanza, ndoo.
La pili, tusi.

Kazi: fundi cherehani.

Mstari umejaa, Mwenyekiti, nami bado sijaanza.

Ongeza pembeni, hata kwa penseli,
kwamba nacheza omweso.
Nimewafunga wanaume wanne barazani kwa Kawanguzi,
wa tano akakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama.
Kwamba naweka vifungo vilivyoanguka,
kopo zima, na kila kifungo namjua mwenyewe.
Kimoja ni cha mtu aliyesema atarudi Jumamosi,
hakusema ya mwezi gani.
Simlilii. Hata koti lenyewe lilikuwa baya.

Kwamba mlango wa pili yupo Nakirya.
Sigiri yetu ni moja:
yeye huleta makaa, mimi huleta kisirani.
Mwaka huu tumegombana mara tatu, zote kwa ajili ya chumvi.
Alipolazwa, muuguzi akauliza ndugu wa karibu ni nani,
akanisonta kwa kidole chenye sindano.
Pale hakuna aliyeuliza kabila.

Na hapa juu, penye kisanduku,
umeandika: bandika picha.
Ninayo, ile ya pasipoti, nimekodoa macho kama mwizi wa kuku.
Ila kama ningeachiwa nichague
ningebandika ubao wa kinyozi ulio nyuma ya soko.
Umeuona. Kila mtu ameuona, na kila mtu amecheka:
kichwa cha mwanamume kinatazama kushoto,
nywele zimekatwa sawasawa, shingo safi,
na sikio, Mwenyekiti, sikio kubwa kama jani la yugwa,
kivuli chake cha kijani kwa sababu rangi nyeusi ilikwisha.
Kinyozi alilipa nusu.
Aliyeuchora ni kaka yangu Oketcho, akiwa na miaka kumi na saba,
kwa rangi iliyobaki kwenye madirisha ya shule.

Wanasema hakujua kupima.
Alipima.
Lile ni sikio la baba,
la kulia, lililobakia baada ya mashine kula la kushoto.
Jioni alikuwa akilisogeza mezani
kiganja kikiwa nyuma yake,
na sisi tukipiga kelele habari za shule,
likawa kubwa kuliko uso, kuliko chumba,
sote tukaingia humo na kukaa.

Oketcho sasa yuko Juba. Hapigi simu.
Mimi nikienda kununua uzi napita njia ya nyuma,
nasimama kidogo mbele ya ubao,
nasema jambo moja tu,
bei ya mchele, au kwamba mvua imekuja,
kisha naenda zangu.
Sijaona sanaa nyingine inayonijibu hivyo, kwa kunyamaza.

Basi. Piga muhuri.

Mwenyekiti hajapiga.
Amevua miwani, ameinamia meza,
na sasa ndipo ninapoona mkono wake,
ule usio na ncha ya kidole, kama mikono yote ya kiwandani,
unapanda taratibu hadi nyuma ya sikio.

"Sema tena, binti," anasema.
"Umesema jina nani?"

Mtoto amenyamaza kukohoa.
Navuta kiti.