Jogoo Aliyeuzwa Mara Saba

Kikao cha kwanza tulikalia matofali yetu wenyewe,
yale tuliyoyafyatua mwaka juzi, yakaota ukoka
kwa kungoja bati.
Mwenyekiti Mlekwa akasema: tufanye sherehe ya shule.
Kalunde akauliza: sherehe, na njaa hii ya Februari?
Akajibiwa: mtu akiombwa hufunga mfuko,
akichezeshwa husahau ulipo.

Tukagombana juu ya tarehe.
Ijumaa ina swala, Jumapili ina misa,
Jumamosi ina gulio, na gulio halina dini.
Mtu akasema tusubiri malipo ya tumbaku.
Sizya, fundi baiskeli, hakuinua hata kichwa:
malipo ya tumbaku yakifika, darasa la kwanza watakuwa wameoa.
Basi Julai, tukaafikiana,
warina asali wakishatoka porini
na mikono bado inanata.

Mimi ndiye mweka hazina.
Nilipiga mstari katikati ya daftari kaunta:
kushoto AHADI, kulia TASLIMU.
Kulia niliacha nafasi finyu,
maana watu wa Sikonge nawajua,
na mimi mwenyewe najijua.

Siku ikafika.
Masufuria matatu ya wali, moja liliungua, likaliwa hivyohivyo.
Walimu walifungwa na wazazi mabao manne,
golini akiwa Mwalimu Mihayo na tai yake shingoni.
Mgeni rasmi, tajiri wa mbao kutoka Tabora mjini,
alituma ujumbe saa saba: *nimebanwa, endeleeni.*
Kiti chake kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha kufuma,
soda yake imefunikwa kwa sahani.
Tukamweka jogoo.

Jogoo wa Bibi Nyanzala, mwekundu, kamba mguuni,
akaketi pale kama aliyealikwa kwa barua.
Sizya akamnunua elfu kumi: rudisha mnadani!
Mihayo elfu kumi na mbili: rudisha!
Wauguzi wa zahanati wakachanga,
wakamnunua, wakamrudisha.
Mchoma mkaa mmoja, sauti yake hatujawahi kuisikia,
akasema *thelathini*, akatazama chini,
uwanja mzima ukamgeukia kama mlango uliofunguka.
Darasa la pili wakaleta shilingi mia nne na hamsini
ndani ya kopo la dawa ya meno ya unga;
nazo tulizipokea, tukampigia jogoo nyundo,
wakamshika, wakamrudisha kitini.

Mara ya saba alikuwa Kalunde.
Elfu thelathini na tano, noti zimekunjwa kama ugoro.
Tukangoja aseme rudisha.
Akamfungua kamba, akamtia kwapani:
*mimi nimenunua mboga.*
Kimya. Kisha kicheko kikapasuka
hadi ndoo ya asali ikatikisika mezani.

Usiku tulihesabu kwa taa ya sola, nzi wakizunguka sukari.
Taslimu: laki sita, kumi na mbili elfu, mia nne hamsini.
Ahadi: kurasa tatu na nusu,
mabati ya kuezeka shule hadi Kaliua.
Mlekwa alisoma majina kwa sauti, mojamoja,
kama anayeita mbuzi waliokwisha kuvuka mto.

Tumeezeka nusu darasa.
Novemba, watoto wa nusu ile huhamia nusu hii,
wanabanana, wanaandika kwa mkono mmoja,
mkono mwingine umeshika daftari la jirani lisilowe.
Mwezi uliopita Sizya alikuja na bati lake,
amelifunga kwenye kereli kwa mpira wa tairi,
linapiga kelele njia nzima
kama mtu anayelipa deni na anataka wadaiwa wenzake wasikie.

Nami nalisikia.
Upande wa kushoto wa daftari, mstari wa juu kabisa,
kabla wino haujazoea karatasi,
niliandika jina langu ili wengine wafuate: *bati moja.*
Wakafuata.
Mvua ya kwanza ilipofika kuisoma orodha ile
haikuruka mstari.
Ilianza na mimi.